Kuutuliza wayo: mwongozo kwa anayetembea Lamu kutwa

Chukua ndara ulizovaa kwa miezi mitatu, uzigeuze juu ya baraza penye mwanga, soli zikitazama juu. Soli iliyolika kidogo upande wa nje wa kisigino ni ya kawaida, maana mtu akitembea hutua kwa upande huo kwanza. Iliyolika upande wa ndani hadi ikabaki nyembamba inasema kwamba wayo unaangukia ndani hatua baada ya hatua. Sasa igeuze tena utazame pale vidole vinapokaa. Ukikuta vishimo vilivyochimbika sana chini ya ncha za vidole, jua vidole vyako vimekuwa vikiikamata ndara isitoke. Misuli iliyotakiwa kubeba mwili imeshughulishwa na kushika kiatu.

Lamu hakuna namna ya kuukwepa mguu. Kutoka Langoni hadi Mkomani ni kwa miguu, ngazi za nyumba za mawe ni nyembamba na zimesimama, gatini kuna mwani na utelezi, na ukishuka mashuani maji yakiwa makavu, yaani yamekupwa, unakanyaga lolote lililoko. Mpagazi anafanya hayo yote akiwa na mfuko wa saruji begani. Ndiyo maana watu wengi hapa wakiumwa na kisigino au kifundo hupumzika siku tatu, wakapata nafuu, wakarudi kazini, na maumivu yakarudi nao. Mapumziko hupunguza ukali wa maumivu, lakini hayaufundishi wayo kubeba. Kinachoufundisha ni mzigo unaoongezwa kidogo kidogo, kwa muda wa wiki 12 hivi.

Wayo unatulia juu ya nini

Kila wayo una mifupa 26 na maungio zaidi ya 30, na yote hayo husimama juu ya sehemu tatu: kisigino, shina la kidole gumba, na shina la kidole cha mwisho. Shina tunalolisema ni lile fundo nene la chini, pale wayo unapokutana na kidole. Sehemu moja ikiinuka, zile mbili zinabeba mzigo wa tatu, na goti nalo linahama kufuata.

Kati ya sehemu hizo ndipo ulipo upinde. Mguu unapotua, upinde hushuka kidogo ukalainika ili upokee uzito. Unapojisukuma mbele, hukaza. Kazi kubwa ya kukaza hufanywa na utando mnene unaotoka kisiginoni hadi vidoleni. Kaa kitini, kamata kidole gumba kwa mkono, ukivute kwenda juu: utauona upinde unainuka wenyewe na utando ukitokeza kama uzi uliovutwa. Ni kazi ileile ya henza na gofia, yaani kamba ya kupandishia tanga na roda yake. Kidole kikikunjwa, utando unazunguka shina la gumba ukavutika, na wayo mzima unakuwa mgumu wa kusukumia.

Kwa hiyo kidole gumba kisichokunjika ni tatizo la mguu mzima. Anayeswali ana kipimo chake tayari: kwenye kikao cha tahiyatu mguu wa kulia husimamishwa na vidole hukunjwa kuelekea kibla. Kama gumba la kulia linakataa kukunjika hapo, au linauma juu ya fundo, basi huenda ndilo linalokulazimisha kutembea kwa pembeni ya wayo. Usilikandamize kwa nguvu, kaa unavyoweza, ila lihesabu kuwa sehemu ya kufanyia kazi.

Neno moja kuhusu wayo bapa. Wako watu wengi wenye nyayo bapa tangu utotoni wanaobeba mizigo maisha yao yote bila maumivu. Ubapa peke yake si ugonjwa na hauhitaji kurekebishwa. Wa kuangaliwa ni wayo uliokuwa na upinde ukaanza kushuka ukubwani, mmoja kuliko mwenzake, pamoja na maumivu na uvimbe nyuma ya kifundo upande wa ndani. Hapo kano inayoushika upinde inaweza kuwa inachoka, na huyo aonwe na daktari mapema.

Nani asianze kwanza

Aliyeteguka na hawezi kwenda hata hatua nne, au akibonyeza mfupa wa kifundo kwa nyuma unauma sana, apigwe picha ya eksirei. Aliyesikia mlio nyuma ya mguu kama amepigwa teke, kisha akashindwa kusimama kwa vidole, aende hospitali siku hiyohiyo. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na kuuma bila kuteguka, hilo ni la haraka pia, kwani damu yaweza kuwa imeganda ndani.

Mwenye kisukari tunamwomba asisome haraka hapa. Ganzi ya nyayo humfanya asihisi jeraha, kwa hiyo mazoezi ya miguu mitupu yasikuhusu kama una ganzi au kidonda. Fanya ukiwa na kiatu laini kilichofungwa, tazama nyayo kila jioni kwa kioo au mwenyeji wa nyumbani akutazamie, kagua na katikati ya vidole. Pia usitembee pekupeku mchangani mchana wa jua kali: mwenye ganzi huungua bila kujua.

Pima kabla ya kuanza

Vipimo vinne, dakika 10, pekupeku juu ya sakafu ngumu, ukuta ukiwa karibu. Andika namba za mguu wa kulia na wa kushoto mbalimbali, kwa sababu tofauti kati ya miguu ndiyo inayosema zaidi.

Kwanza, simama kwa mguu mmoja, macho wazi, mikono kiunoni. Sekunde 30 bila kugusa chini ni kiwango kizuri. Pili, tembeza goti ukutani: weka ncha ya gumba sentimita 10 kutoka ukutani, kisha peleka goti mbele liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Lisipofika, kifundo kimekaza. Tatu, simama kwa mguu mmoja, ncha za vidole vya mkono ukutani, uinuke kwa vidole na kushuka, ukihesabu. Mtu mzima mwenye nguvu hufika 20 na zaidi. Waliokula chumvi nyingi hufika pungufu, na hiyo ni hali ya umri. Acha kuhesabu pale goti linapoanza kukunjika au mwinuko unapopungua nusu. Nne, ukiwa umesimama, inua gumba peke yake huku vidole vinne vimebaki chini, kisha kinyume chake. Wengi hawawezi siku ya kwanza, na mara nyingi shida si nguvu, ni kwamba ubongo haujapata kuviagiza vidole hivyo kimoja kimoja.

Kuamsha wayo: wiki mbili za mwanzo, kila siku

Simama pekupeku, miguu upana wa nyonga. Inua vidole vyote, vitawanye, kisha vishushe taratibu bila kuinua shina la gumba wala kisigino. Mtu wa nyumbani apenyeze kipande cha karatasi chini ya shina la gumba akivute: kikitoka kwa wepesi, uzito wako uko nje. Ukijikuta unalikandamiza gumba lenyewe hadi ukucha unabadilika rangi, umekosea mahali. Uzito unatakiwa kwenye fundo, na kidole kibaki kimelala.

Hapo ndipo linapokuja zoezi la kufupisha wayo, na hili ndilo linalokosewa kuliko yote. Ukiwa umekaa kitini, goti likiwa sawa juu ya kifundo, vuta shina la gumba kuelekea kisigino kama mtu anayetaka kuupunguza urefu wa mguu wake ndani ya kiatu. Vidole vibaki virefu. Upinde utainuka kidogo tu, milimita chache, na utahisi msuli ukikaza chini ya upinde kwa ndani. Shikilia sekunde 5, legeza, rudia mara 10, seti 2 kila mguu.

Makosa ni mawili na yote unaweza kuyaona kwa macho. La kwanza, vidole vinakunjika kama kucha: hapo misuli mirefu inayotoka muundini imeinyang'anya ile midogo ya wayo kazi yake. Inua vidole kidogo kutoka sakafuni, kisha jaribu tena. La pili, kano nene inatokeza mbele ya kifundo na shina la gumba linaondoka chini: huo si upinde ulioinuka, ni wayo uliopinduliwa kwenda nje. Punguza nguvu nusu. Ukishindwa kabisa kuupata msuli, weka kidole cha mkono chini ya upinde, ubonyeze kidogo, uamrishe pale unapogusa. Siku ya tatu au ya nne huanza kuitika. Wiki ya pili fanya umesimama kwa miguu miwili.

Zoezi la kuinua gumba peke yake na vile vinne peke yake lifanye mara 10 kwa siku, ukivisaidia kwa mkono mwanzoni. Misuli ya wayo ikishikwa na mkakamao, legeza, tikisa mguu, endelea. Hiyo ni misuli isiyozoea kazi.

Kama kifundo kilishindwa kipimo cha ukuta, ongeza kunyoosha shavu la mguu: mikono ukutani, mguu wa nyuma goti limenyooka, kisigino chini, sekunde 30 mara 3, halafu tena goti likiwa limekunjwa kidogo. Usiuache upinde uanguke ndani wakati unanyoosha, la sivyo unanyoosha wayo badala ya kifundo.

Kuinuka kwa kisigino juu ya leso

Likiwapo zoezi moja la kulishika na kuyaacha mengine, basi ni hili. Linaimarisha shavu la mguu, kano ya kisigino, utando wa wayo na gumba kwa pamoja, na kwa mwenye maumivu ya kisigino yale ya asubuhi, ambapo hatua za kwanza kutoka kitandani huchoma kisha zikapoa, ndilo lenye faida ya kudumu.

Kunja leso (kanga) kuukuu uiviringe iwe roli ngumu ya unene wa sentimita 3 hivi. Iweke kwenye kidato cha chini kabisa cha ngazi, karibu na ukingo. Vidato vya nyumba za kale vimelika katikati na plasta yake huteleza, kwa hiyo tandika kwanza kitambaa chenye unyevu chini ya leso, na kiganja kimoja kisiondoke ukutani. Panda, weka vidole juu ya leso ili vikunjike kwenda juu, mashina ya vidole yawe kwenye kidato, kisigino kining'inie.

Inuka kwa sekunde 3. Kaa juu sekunde 2. Shuka kwa sekunde 3 hadi kisigino kifike chini kidogo ya kidato. Hesabu kwa sauti, kwa sababu kila mtu huharakisha kushuka, na kushuka taratibu ni sehemu kubwa ya kazi. Mara 12, seti 3, siku moja fanya na siku moja pumzika. Ukianza, tumia miguu miwili. Ukimaliza seti zote bila shida, hamia mguu mmoja.

Tazama kifundo kinapofika juu. Kikipinda kwenda nje, uzito umekimbilia kidole cha mwisho, na mtu aliyewahi kuteguka anajizoesha kuteguka tena. Kwenye hatua ya miguu miwili, bana mpira mdogo kati ya visigino. Usiuponde, ila usiuache uanguke. Njia hii hurekebisha mpindo kuliko maneno.

Wiki ya 3, au pale mara 12 zinapokuwa nyepesi, vaa begi mgongoni lenye dumu la maji la lita 5, ambalo ni kilo 5. Fanya mara 10, seti 4. Baada ya wiki mbili nyingine ongeza mzigo tena, mara 8, seti 5. Mzigo uwe ule unaokufanya ushindwe kuongeza hata mara moja zaidi kwa mwendo sahihi. Nyepesi kupita kiasi ni kosa linalopoteza miezi: utando na kano hazibadiliki kwa kupapaswa.

Mwenye maumivu nyuma kabisa ya kisigino, pale kano inapojishika kwenye mfupa, asiache kisigino kishuke chini ya kidato. Afanye sakafuni bila leso, maana kushuka zaidi huibana kano juu ya mfupa.

Maumivu ya kiasi gani yavumiliwe

Yape namba, 0 ni hakuna na 10 hayavumiliki. Wakati wa zoezi, hadi 3 au 4 si hatari, mradi asubuhi ya pili yamerudi pale yalipokuwa jana yake. Kipimo kizuri ni hatua tano za kwanza baada ya kuamka kwa alfajiri. Zikiwa kali kuliko jana, jana ulizidisha: usiache, punguza seti moja au toa kilo mbili.

Kabla hujasimama alfajiri hiyo, ukiwa kitandani, vuta vidole vya mguu kwa mkono kuelekea muundi sekunde 10, mara 10. Huitayarisha nyama ya wayo na hatua ya kwanza haichomi sana. Chupa ya maji yaliyoganda ukiivingirisha chini ya wayo dakika 5 hadi 10 jioni hupunguza uchungu pia. Hivi ni vya kutuliza tu, visichukue nafasi ya kazi ya ngazini.

Mizani, nyonga na mchanga

Kuanzia wiki ya 3, simama kwa mguu mmoja sekunde 30, mara 3. Ikiwa rahisi, geuza kichwa kulia na kushoto. Kisha nyoosha mguu wa pili uguse sakafu mbele, pembeni, na nyuma, kama mshale wa saa, huku goti la mguu uliosimamia likikunjika kidogo. Macho kufungwa ni hatua ya mwisho, na iwe ndani ya kona ya kuta mbili. Aliyeteguka hasa asiliache hili: kano za nje ya kifundo zinapochanika, hisia ya kujua mguu uko wapi nayo huharibika, na ndiyo sababu mtu hutegukia mguu uleule mara kwa mara hata uvimbe ulipokwisha zamani.

Goti lifuate kidole cha pili. Likiingia ndani, mara nyingi kosa liko juu, kwenye misuli ya pembeni ya nyonga. Simama kwenye kidato kimoja, shusha mguu wa pili taratibu hadi kisigino kiguse chini, urudi. Mara 8, seti 3. Usitumie baraza, ni refu mno kwa kazi hii.

Mchanga wa Shela unasifiwa kuwa dawa ya miguu, na ni kweli kwa wayo ulio tayari. Kutembea mchanga mlaini hutaka zaidi ya mara mbili ya nguvu za kutembea pagumu, kisigino kinazama chini ya vidole, na shavu la mguu linavutwa kila hatua. Mwenye kisigino kinachouma akikipeleka huko wiki ya kwanza, kesho hasimami. Subiri wiki ya 6. Anza maji yakiwa makavu, kwenye mchanga mgumu wenye unyevu, dakika 10, uongeze dakika 5 kila wiki. Ufuo umeinama, kwa hiyo mguu wa upande wa bahari hukaa chini kuliko mwenzake: rudi kwa njia ileile uliyoendea ili miguu yote igawane. Na siku ya mchanga isiwe siku ya leso.

Viatu

Ndara za mpira zibaki za msalani na za baraza. Kwa mwendo wa mbali au mzigo, tafuta kandambili zenye mkanda wa nyuma ya kisigino, au kiatu kinachofungwa, ili vidole viache kukamata. Makubadhi ya ngozi yenye soli imara ni bora kuliko ndara ikiwa mkanda wa juu umekaza barabara juu ya wayo. Yakilegea yanafanya kosa lilelile. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Ikunje soli: ijikunje penye mashina ya vidole. Inayokunjika katikati, chini ya upinde, haikusaidii.

Visoli vya kuinua upinde hupunguza maumivu kwa wiki kadhaa, na vya kawaida vya dukani mara nyingi hutosha. Vivae huku mazoezi yakiendelea. Kwa mpagazi asiyeweza kuacha kazi, gawa mzigo uwe safari nyingi nyepesi kwa wiki mbili, na ushuke ngazi kwa wayo mzima kidatoni badala ya nusu.

Yanayoharibu kazi

La kwanza ni kuacha wiki ya 4 kwa sababu maumivu yamepungua. Wakati huo misuli imeanza kuitika, lakini kano na utando bado. La pili ni kulipa deni: mtu aliyekosa siku tatu anafanya seti 9 siku ya nne. Siku iliyopita imepita, endelea na ya leo. La tatu ni kuongeza mzigo, mchanga na mwendo wiki moja. Ongeza kimoja, ukitazame siku saba.

Wiki ya 6 na ya 12 rudia vipimo vinne, namba mpya kando ya zile za mwanzo. Tofauti kati ya miguu ikipungua na hatua za alfajiri zikiwa nyepesi, shusha mazoezi ya leso hadi mara mbili kwa wiki na uyaweke hapo. Namba zisiposogea kabisa kufikia wiki ya 12, au kuna ganzi na mwasho wa moto kwenye wayo, chukua karatasi hiyo yenye namba uende nayo kwa mtaalamu wa fiziotherapia: ataona kwa haraka nini umejaribu, kwa mzigo gani, na aanzie hapo.